Mama Atakutazama Macho, Yaya

Kitwe, Jumapili, mwezi wa nane unaisha. Ni mwaka wa pili tangu nitoke Lubumbashi kutafuta kazi, na mwezi wa tano tangu nirudi siku moja tu kumchukua mama.

Kwako Yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Sikuulizi habari. Ninakuandikia wewe, ila nimemwomba jirani yetu Mama Béa aisome barua hii kwa sauti pale kwenye bomba la maji. Ulimfukuza mama mbele ya watu, nami ninakujibu mbele ya watu. Shule niliachia njiani, wewe ndiye uliyeendelea. Utanielewa tu.

Unakumbuka mlango wetu kule mtaani Naviundu? Kila asubuhi kabla ya shule mama alitusimamisha pale, uso kwenye jua, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba aone kama tuna damu. Wewe kwanza, kwa kuwa mkubwa. "Damu iko. Pita." Kisha mimi. Akiona kope yangu nyeupe, siku hiyo nilipewa matembele mara mbili, na wewe ukanung'unika: "Huyu iko anajifanya mugonjwa juu ya mboga." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Na ile homa yako? Mama alikubeba mgongoni kutoka shamba letu kule Annexe mpaka dispensari, wewe tayari mkubwa, miguu inaburuta. Mimi nilikuwa nyuma na jembe, nikiona vidole vyako vikichora mstari kwenye vumbi. Umeusahau mgongo ule, Yaya. Na wewe si mgonjwa.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Makampuni ya migodi yakatoa watu kazini kwa makundi, ukarudi na kofia yako ya kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Mtaa mzima ulikuwa unatafuta wa kulaumu. Mimi nikavuka mpaka wa Kasumbalesa, nikaja huku Zambia kubeba matofali. Wewe ukabaki na mama, na mama akaanza kupotea. Anatia chumvi kwenye chai. Anamwita mke wako kwa jina la dada yake aliyekufa. Anasimama uani akiongea na ukuta.

Ukamwita mchungaji. Mama Béa alikuwepo, amenisimulia yote. Mchungaji aliwasha taa ya simu akammulika mama machoni. "Kuna kintu ndani. Munaona vile haogopi mwangaza? Huyu njo alikula kazi ya mutoto yake." Mulozi, basi. Mchawi. Mama yako mzazi.

Na wewe ulisema nini? Ulisema, "Atoke." Neno moja. Mama akatoka na kitenge alichovaa, akasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, akamwuliza Mama Béa njia ya kwenda nyumbani. Nilimkuta jikoni kwa jirani huyo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua mboga za watu.

Nilifikiri ni macho. Huku alikuwa anamimina maji pembeni ya kikombe, anataka kuokota maua yaliyochorwa kwenye sahani. Nikampeleka kliniki ya macho nikitaka miwani. Daktari, mwanamke anayesema Kibemba kama mama, alimwekea kidevu kwenye mashine, akapiga picha ya nyuma kabisa ya jicho. Pale kuna retina, ngozi nyembamba inayopokea mwanga. Alinieleza kwamba hiyo ngozi ilichipuka kutoka kwenye ubongo tangu mtoto anaumbwa tumboni, na nyuzi zake bado zinaenda huko. Ukiitazama, umechungulia kipande cha ubongo bila kupasua kichwa. Akanionyesha kwenye kioo cha mashine: tabaka la nyuzi limekonda.

"Sioni ugonjwa wa jicho uliofanya hivi," alisema. "Lakini picha hii peke yake haitoshi. Kuna wazee wana tabaka kama hili na akili zao nzima. Nenda naye kwa daktari wa ubongo."

Huyo wa ubongo alimwuliza mama maswali mengi, akapima damu, akapiga picha ya kichwa, ndipo akatamka: Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Hauna dawa ya kuuponya. Na haukuanza na kazi yako, Yaya. Ulianza zamani, kimya kimya, mama akiwa bado anakupikia.

Watu wawili walimmulika mama machoni. Mmoja alisema hajui bado, akamshika mkono kumshusha kitini. Mwingine alijua papo hapo, na ukamwamini kwa sababu alikupa mtu wa kumchukia, tena aliye karibu, asiyeweza kujitetea.

Mama hajui tena jina langu. Ila kila asubuhi kabla sijaenda kazini ananisimamisha mlangoni, anavuta kope yangu kwa kidole gumba kile kile. "Damu iko." Kisha anachungulia nyuma yangu. "Na mukubwa? Mukubwa iko wapi?" Anakungoja wewe. Hakumbuki ulichomtenda, kwa hiyo hana la kukudai. Nimekumbuka mimi kwa ajili yake, na mimi sijasamehe.

Nimekutakia mabaya mengi nikiwa na matofali begani. Nimeomba siku moja utafute ufunguo ulio mkononi mwako, na wanao wakuitie mchungaji yule yule. Kisha daktari akasema ugonjwa huu wakati mwingine hufuata ukoo, nikakumbuka kwamba damu yako ndiyo yangu. Nikachagua kingine.

Sitakupiga. Mvua za kwanza zikinyesha kazi hapa inasimama, nami nitafika na mama siku ya Jumapili, saa watu wanapotoka kanisani. Mchungaji naye aje, picha ya retina nitaibandika ukutani aitazame vizuri. Mama nitamkalisha mlangoni pake. Na wewe utapiga magoti mbele ya wote waliokusikia ukisema "Atoke", uso kwenye jua, umpe macho yako. Hatakujua. Atavuta kope, ataona damu iko, atakuambia upite.

Mimi nitasimama kando, nione kama utaweza kupita.

Mdogo wako wa tumbo moja.