Baba, Imetoka Majini

Baba wangu,

Imeruka! Nilitaka kuanza na salamu kama ulivyonifundisha, nikuulize hali kwanza, lakini wewe nitakuulizaje hali? Basi pokea habari: imeruka. Jumamosi asubuhi imetoka juu ya maji ya Lualaba, nusu ya mtaa wetu wa Kasuku ikiwa imesimama ukingoni, na mara ya pili mimi nilikuwa ndani.

Ngoja nipumue. Nikueleze vizuri.

Unakumbuka siku makasha yalipofika kwa treni? Munganga Lumbala, daktari wa hospitali yetu, alikuwa ameagiza ndege ya vipande, ya kujijengea mwenyewe, ili afikie wagonjwa wa vijiji vya mtoni ambako gari haliendi. Alikuja kukutafuta kwenye atelie ya reli, ile karakana yako, kavaa koti lake la abakosti la Jumapili, akasema kwa heshima: "Sitwayen Kabongo, banasema hakuna mashini yenye inakushinda." Ukafungua makasha. Mabomba ya aluminiyomu, motere ndogo kama ya pikipiki, kitambaa cha mabawa ambacho mimi fundi cherehani nilikigusa nikaona wivu. Ila tumbo la ndege, ile sehemu ya chini ya kuelea majini, lilikuwa limevunjika njiani, na karatasi za maelezo yake zimelowa zikawa uji.

Munganga alikaribia kulia. Wewe ulicheka. "Njo vizuri. Hii sasa itakuwa yetu."

Miezi ile ilikuwa mitamu, Baba. Mimi nikishona mabawa barazani, wewe ukifunga mnyororo wa baiskeli kwenye magurudumu ili yapande juu ndege ikiwa majini na yashuke ikitaka kutua nchi kavu. Mzee Shabani, mchonga mitumbwi, akikutengenezea tumbo la mbao nyembamba, laini chini kama yai. Mama alikuwa anapita na kapu lake la soko, anatuangalia, anasema: "Mume wangu alikuwa na akili, ila aliiacha kule Kasai."

Halafu jaribio la kwanza. Motere ililia, maji yakaruka, ndege ikakimbia hadi ng'ambo na kurudi bila kunyanyuka hata kidole. Watu waliona mtumbwi, si ndege, wakacheka mpaka wakakaa chini. "Njo pirogi ya motere!" Hukukasirika. Ulikuwa tayari na homa, na ulikuwa unatazama maji tu.

Siku tatu baadaye, kitandani, uliniomba sahani ya Mama. Ukaniambia nimwage maji mezani na kuilaza juu. Ukasema, ivute. Ilikuwa imeshika. Ukapitisha ncha ya kisu chini yake, hewa ikaingia, sahani ikaja yenyewe mkononi mwangu. "Umeona? Ulaini njo unatuponza. Maji inashika tumbo. Tukate ngazi moja huku nyuma, hewa ipite." Ukachora kwa penseli: tumbo linakwenda, linakatika ghafla, linapanda vidole vinne, halafu linaendelea. Wiki haikuisha.

Baba, ile wiki siiandiki.

Baada ya arobaini yako nilimpelekea Mzee Shabani mchoro wako. Aliugeuza juu chini, akanirudishia. "Binti, tangu nizaliwe sijapasua tumbo la chombo changu." Munganga naye aliogopa. Gundi ilibaki kopo moja. Tukikata na tukakosea, hakuna ndege tena. Na mimi nani? Mshona nguo. Lakini nilichukua meza, maji na sahani, nikawafanyia ulivyonifanyia. Mzee Shabani alivuta ile sahani, akaiweka tena, akaivuta tena, mara saba nilihesabu. Kisha akasimama, akafunga kanzu yake kiunoni. "Lete musumeno. Kama ni kuharibu, nitaharibu mwenyewe."

Alikata siku nne. Hakuruhusu mtu mwingine kushika kipande.

Basi, Jumamosi. Munganga aliruka kwanza peke yake. Motere ikalia, ndege ikakimbia, nikaona maji yanapasuka pale pale kwenye ngazi, meupe, na mara moja hapakuwa na maji chini yake. Baba! Ukingo mzima ulipiga kelele. Mzee Shabani alianguka kifudifudi akimshukuru Mungu, na Mama alivua kitambaa chake cha kichwa akakipunga kama bendera.

Akarudi kunichukua mimi. Huko juu upepo unakunyang'anya machozi kabla hayajashuka. Niliona paa la atelie yako na reli inayokwenda kwetu Kasai. Juu ya uwanja wa ndege Munganga alinipigia kelele nishushe magurudumu; nikavuta ule mkono wa chuma uliouunda wewe, mnyororo ukateleza kama siagi, tukatua kwenye majani. Kutoka mtoni hadi nchi kavu, Baba, kama bata!

Na jana alikwenda kijiji kimoja kando ya mto, upande wa Kibombo, kumchukua mwanamke aliyeshindwa kujifungua. Kwa mtumbwi ni siku mbili. Alikwenda peke yake asubuhi, saa sita walirudi wawili, na kabla ya jua kuzama walikuwa wanne. Mapasa! Wote wanalia, wote wananyonya. Hospitali nzima iliimba.

Mama yule alisafiri amekaa, na maumivu yale yote, maana kiti cha nyuma ni kimoja na ni kidogo. Hilo sikulipenda. Kwa hiyo nakuaga na ahadi hii: nitajenga nyingine yenye mahali pa mgonjwa kulala. Leo nimeanza kuichora. Mstari wa kwanza umekwenda kombo. Nimeufuta, naanza tena.

Pumzika, Baba.

Mutoto wako,
Kapinga