Jina Nililompa Mnyonya Damu

Jumamosi, Aprili 1957. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu umenywea.

Leo nimekwenda sinema mchana, peke yangu, na nimerudi nikijuta.

Barabara ya Mombasa imekatika kwa mafuriko huko Horohoro, na picha mpya hazijafika wiki ya pili sasa. Mwenye sinema ameamua kufukua makopo ya zamani, zile picha za kutisha: maiti anayetoka kaburini na sanda yake, muuaji anayeonekana kivuli tu ukutani, na ile ya bwana wa ngome anayenyonya watu damu. Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoifuata. Sikuifuata kwa starehe. Nilikuwa na barua mfukoni.

Barua ni ya Yeremia, rafiki yangu, aliyekuwa dresa, msaidizi wa daktari, hapa mjini. Ameiandika kutoka kwao Usambaa, kwa mwandiko ule ule ulionyooka. Mkewe amefariki, shamba limemshinda, na mgongo unamsumbua. Anataka kurudi Tanga, apange chumba hapa Makorora karibu nami. Mwishoni ameuliza jambo moja tu: "Mtani wangu, niambie kweli. Watu wameshasahau?"

Sijawahi kuliandika hili popote. Ngoja niliandike.

Miaka saba iliyopita nilikuwa karani bandarini siku za kazi, na Jumamosi mkalimani wa sinema. Nilisimama kando ya kitambaa na kipaza sauti, Wazungu wakisema Kiingereza chao, mimi nikiwageuzia watu kwa Kiswahili na kutia chumvi yangu. Wengine walikuja kunisikiliza mimi kuliko kutazama picha. Nililijua hilo, na kichwa kilinivimba.

Siku ya picha ile, bwana wa ngome alipomwinamia msichana shingoni, nilimwita mumiani. Pwani hii neno hilo halihitaji maelezo. Kila mtoto ameonywa kwamba wapo watu wanaokamata wenzao na kuwatoa damu ikafanywe dawa. Ukumbi ulizizima. Hapo ningepaswa kuishia. Lakini nilitaka wacheke kidogo, nikasema, "Mwamwona? Huyu ni Yeremia dresa. Leo kibweta chake kakiacha nyumbani."

Mimi Mdigo, yeye Msambaa, na sisi ni watani. Alipokufa baba yangu, Yeremia alilizuia jeneza njiani akidai marehemu kamla kuku wake, na watu walicheka huku wanalia. Kwa hiyo siku ile wenyeji walielewa. Walinipigia makofi.

Ila nusu ya ukumbi walikuwa manamba wa mashamba ya mkonge, watu waliotoka mbali kuja kutafuta kazi, wasiojua nani mtani wa nani. Wale hawakucheka. Na kazi ya Yeremia ilikuwa kuzunguka kambini kwao na kile kibweta, kisanduku chake cha vifaa, kuwatoboa vidole na kupaka damu yao kwenye vipande vya kioo, ikapimwe homa.

Wiki haikuisha. Walimvunja mkono na mbavu, na kibweta chake wakakichoma moto. Kwa miezi mingi hakuna dresa aliyethubutu kukanyaga kambi zile. Wapo watoto waliokufa kwa homa inayotibika. Ni wangapi, sijui, na sijawahi kuwa na moyo wa kuuliza.

Yeremia hakuwapo ukumbini siku ile. Yeye ni Mlutheri hasa, na sinema kwake ni upuuzi. Mpaka leo anaamini uvumi ulizuka wenyewe. Nilimuuguza kwa mikono hii, nikamlisha uji mpaka akaweza kusafiri kurudi kwao.

Sikumwambia.

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, changu kikabaki salama.

Ndiyo maana leo nilikwenda. Nilidhani pale ndipo nitakapoona kama watu wamesahau. Nilikaa nyuma kabisa. Picha imechakaa, imejaa mikwaruzo. Popo anaonekana na uzi wake, na bwana wa ngome anatembea kama mtu aliyebanwa na viatu. Mahali tulipopiga kelele zamani, leo watu walicheka. Nikapata tumaini. Hata mkalimani wa siku hizi ni mtu makini, anafasiri sawasawa bila mbwembwe. Hakutaja mumiani hata mara moja.

Kisha kifuniko cha jeneza kikafunguka. Kabla mkalimani hajasema kitu, mabenchi ya mbele yalipaza sauti kwa pamoja.

"Yeremia! Yeremia huyo!"

Kando yangu alikaa mama mmoja na mwanawe mapajani. Nilijikaza nikamuuliza Yeremia ni nani. Akanitazama kama mgeni wa mji.

"Si huyo huyo, baba. Ndo jina lake. Sie twamwita hivo tangu zamani."

Nikamuuliza kama aliwahi kuwapo mtu wa kweli wa jina hilo.

"Mtu? Hata. Huyo ni wa kwenye picha." Halafu akamwambia mwanawe atulie, Yeremia asije akamsikia.

Nikatoka kabla picha haijaisha.

Kwa hiyo jibu la barua ni ndiyo, wamesahau. Wamemsahau dresa aliyewatibu na mkono waliouvunja, na mimi niliyesema maneno yale wamenisahau pia. Picha yenyewe ni ya hovyo, haimtishi mtu tena. Kilichodumu ni kile nilichokitia mimi ili nichekewe.

Akija, ataanza kama kawaida yake, mlango kwa mlango, mkono mbele: shikamoo, mimi Yeremia, jirani yenu mpya. Siwezi kumwacha aje hivyo. Nikimwandikia asije, lazima nimwambie sababu, na sababu ni mimi. Nitakuwa nimemfukuza Tanga mara mbili.

Nimeandika "Mtani wangu" nikafuta. Nimeandika "Ndugu Yeremia", na kwa mara ya kwanza jina lile limenitisha hata mimi.

Posta itafunguliwa Jumatatu. Nina kesho nzima ya kutafuta ujasiri ambao miaka saba sikuupata, na sioni kama kesho itatosha.