Mjomba Anayengoja Serikali

Newala, Agosti 1961

Mpwa wangu Stamili,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Uliniuliza, kwa kuwa mimi ndimi mjomba, na kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye kauli: Nyasaland mnakokaa ikijitoa katika Shirikisho, na mumeo, karani wa Shirikisho hilo, akihamishiwa makao makuu yake Salisbury, umfuate au urudi Newala na watoto?

Nimesikia wajumbe wa Nyasaland wanazungumza na serikali yetu ili makarani kama yeye wapate kazi huku. Basi nikangoja. Mama yako mdogo Somoe akanicheka: "Mjomba gani wewe, unangoja serikali mbili zikusemee?"

Mikorosho imechanua. Maji bado tunateka bondeni. Mimi hula peke yangu, lakini hilo lisikusukume. Nyumba ya marehemu mama yako nimeiezeka upya. Usidhani hilo ni jibu.

Nikishaamua, nitakuandikia.

Mjomba wako,
Fakihi