Ukuta wa Chupa

Jumamosi, Dandora

Na bado nimekasirika, sufuria nimezisugua hadi mikono inauma.

Chekechea yenyewe tuliyoenda leo, siku yao ya kupokea watoto wapya, ni nzuri, sikatai. Wanapanda mboga za sukuma ndani ya matairi, na darasa moja lina ukuta wa chupa za plastiki zilizojazwa mchanga. Akinyi wangu alizigusa zote.

Mwalimu mkuu akauliza tunakoishi. Nilipotaja Dandora, kwenye jaa la taka la jiji, akarudi nyuma hatua moja. "Mama Akinyi, hapa tunafundisha usafi. Hatutaki mtoto wa kuchezea jaani." Akamwita msaidizi amnawishe Akinyi mikono. Akinyi peke yake, na watoto wengine watano wamejaa matope!

Sasa huo ukuta anaoringa nao, chupa zake anadhani zilitoka wapi? Ziliokotwa jaani. Mimi ndiye niliyeziosha, magunia kumi na mawili, na mnunuzi alituambia kabisa ni za shule hiyo. Ningemwambia hivyo hapo hapo.

Sikumwambia. Aliponiuliza kazi yangu, nikasema nauza mitumba soko la Gikomba.

Akinyi akaniangalia. "Mama, si wewe huokota chupa?"

Nikamfinya mkono. Mtoto wa miaka minne, nimemfinya kwa kusema ukweli.

Jioni nikampa vifuniko vya chupa anavyochezea kila siku. Akavishika, akavitazama, kisha akaniuliza polepole, "Mama, nikiulizwa, hivi pia niseme ni vya Gikomba?"