Ratiba Iliyotuzuia Kukutana Bugiri

Mpendwa shemeji Rajabu,

Mimi sasa nina miaka themanini na minne. Nimeishi muda mrefu kuliko afande aliyetubadilishia ratiba, nimeishi kuliko mabasi yote mawili, lako na langu, na nimeishi kuliko daktari aliyeniambia niache chumvi. Meno ninayo, tena ya kutafuna mfupa. Kuandika ndiyo taabu. Shule niliiona kwa dirisha tu, herufi nilifundishwa madrasa kwa bakora, kwa hiyo ukikuta mistari imepinda, vumilia. Lakini kuendesha basi, kutoka Jinja mpaka Mbale hakuna aliyenishinda. Hata wewe ulikubali, ingawa siku hiyo ulikuwa na njaa na chakula chako nilikuwa nimekishika mimi.

Ninakuandikia kwa sababu watoto wa kaka yako wamekuja kutoka Mumias. Wamekaa sebuleni kwangu kwa adabu, wakanywa chai, kisha wakasema wanataka kukusomea hitma. Wanasema miaka imepita mingi, na mtu asiyejulikana alipo, lazima familia ifike mahali iseme amekufa. Neno hilo wanataka nilitoe mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuona mwisho. Nimewaambia wangoje mpaka Ijumaa. Kisha nikatafuta karatasi na kalamu.

Unakumbuka Bugiri? Mimi natoka Jinja, wewe unatoka Mbale, na katikati ya safari tunakutana pale, mabasi yanaegeshwa uso kwa uso kama ng'ombe wanaonusana. Abiria wanashuka kunyoosha miguu, sisi tunakunywa chai ya tangawizi kwa yule mama mwenye goita. Ninakupa bakuli alilolifunga dada yako Zaituni, unafungua kabla hata ya kunisalimia. Siku moja nilichelewa, ukaniuliza mbele ya abiria, "Shemeji, hilo basi unaliendesha au unalisindikiza?" Watu wakacheka mpaka kondakta wangu, Wandera, ambaye hacheki. Nikakujibu kwamba dada yako ananitaka nirudi mzima. Ukasema umemuuliza, hajasema hivyo.

Usiku nilipolala Mbale, nililala chumbani kwako Namatala, na wewe ulilala Jinja kwangu. Kitanda chako kilikuwa na shimo katikati, sijui ulikuwa unalala kama kuku anayeatamia. Kesho yake kila mtu anarudi alikotoka, tunakutana tena Bugiri. Ndiyo maisha yetu yalivyokuwa, na tulidhani ni maisha ya kawaida tu.

Halafu vizuizi vya wanajeshi vikaongezeka barabarani, nasi madereva tukawa na lugha yetu ya mikono. Basi likipishana na basi, kiganja wazi maana yake njia ni nzuri. Ngumi, wapo, na wamelewa. Mimi na wewe tuliongeza yetu ya tatu, ambayo wengine hawakuijua. Unajua mimi kofia yangu siivui, hata joto liwe la kuchemsha yai. Tukapatana kwamba ukiniona nimeivua na kuiweka mbele kwenye kioo, wanakutafuta wewe, usiendelee. Ulicheka. Ulisema siku hiyo utashtuka zaidi kwa kukiona kipara.

Afande aliyeletwa kusimamia stendi yetu hakujua kubadilisha gia, lakini alijua kubadilisha ratiba. Alianza na basi la Budondo, akalifuta kabisa. Akina mama wakawa wanasimama na matoke yao barabarani kila asubuhi, wakidhani limechelewa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kuwaambia limefutwa na nani. Kisha akaamuru kila basi linalotoka Jinja lipande kwanza kambini Kimaka likakaguliwe. Kisha akatugeukia sisi wa Mbale. Basi linalotoka Jinja lipite Tororo, linalotoka Mbale lipite barabara ya vumbi ya Tirinyi. Hakuna kupishana tena. Tukawa tunazunguka kama watu wawili wanaotafutana kwenye nyumba ya duara.

Alinisimamisha mbele ya wenzangu, akaniuliza kwa kile Kiswahili chao, "Nyinyi nakutana Bugiri, nakunywa chai, naongea nini?"

Nikamjibu, "Afande, tunaongea habari ya dada yake."

Wenzangu waliinamisha vichwa wasicheke. Yeye hakuinamisha. Alinitazama muda mrefu, na mimi, ambaye siogopi mtu, niliogopa. Hilo sijapata kumwambia mtu, nakwambia wewe.

Basi hapo ndipo tulipotenganishwa. Nilikuwa nakuta shuka lako Namatala lina harufu ya mwili wako, nawe unakula kwangu Jinja, lakini uso wako sikuuona wiki baada ya wiki. Zaituni alikuwa ananipa habari zako: Rajabu amekonda, Rajabu hataki kuzungumza mezani. Ulikuwa ndio wakati ule Wakenya kama wewe walipogeuzwa maadui ghafla. Wenzako waliokuwa wakiuza vitu Mbale walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, wengine wanaacha mlango wazi na sufuria mekoni. Zaituni alikusihi uondoke nawe. Ulimwambia utaondoka ukishaniaga mimi uso kwa uso. Ratiba ikawa haituruhusu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo ambalo hukupata nafasi ya kuniuliza.

Siku moja nilikuwa nakwenda Mbale. Kwenye msitu wa Busitema walitusimamisha, wakashusha abiria wote, wakawatenga wenye karatasi za Kenya. Watu wanne walibaki pale wamekaa chini, viatu wamevuliwa. Mmoja wa wale wanajeshi alikuja dirishani kwangu, kijana mwenye miwani myeusi, akaniuliza yule Mkenya wa basi lingine, yule wa Mumias, anapita lini. Nikamwambia ratiba imebadilika afande, hata sisi wenyewe hatujui. Akacheka vizuri kabisa, kama mtu mwenye moyo mwema. Akasema, "Sisi tunajua. Kesho."

Kesho wewe ungetoka Jinja kupita Tororo, na mimi ningetoka Mbale kupita Tirinyi. Simu ya posta ilikuwa na masikio. Nililala kwenye shimo la kitanda chako macho wazi, nikapiga hesabu ya barabara. Zile njia mbili zinakutana Nakalama, karibu na Iganga. Kama ningefika Nakalama kabla hujapita, ningekuona. Kwa ratiba ya afande, isingewezekana. Lakini Kimaka walikuwa wanachelewesha mabasi wakipekua mpaka vikapu vya mayai. Nikasema, leo nitawashukuru hao wapekuzi.

Niliondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, karani hajafika stendi. Waliokuwa wamewahi ndio niliowachukua. Wandera aliniuliza nani ametoa ruhusa. Nikamwambia mimi. Akapanda. Shemeji, siku ile niliendesha. Kamonkoli watu walipunga mikono, nikawapita. Tirinyi nikawapita. Kwenye bwawa la Mpologoma, pale tuta lilipokuwa limeliwa na maji, abiria waliacha kunitukana wakaanza kuomba dua, Waislamu na Wakristo pamoja. Mama mmoja wa Kamonkoli niliyempitisha kwake alinipiga na mwavuli kichwani. Sikusimama. Nasema kweli, hakuna dereva mwingine ambaye angelivusha lile basi.

Nikafika Nakalama. Na hapo ndipo hofu iliponikamata hasa, kuliko Busitema. Nilishuka nikawauliza wanawake wanaochoma ndizi gonja kama basi la Jinja limeshapita. Kila mmoja aliinamia moto wake. Sijui. Sikuona. Nimefika sasa hivi. Wananijua miaka yote, wananiuzia, wananitania, na siku ile wananitazama kama mtu wa miwani myeusi, kwa sababu siku zile anayeuliza fulani amepita saa ngapi alikuwa ni mtu wa kuogopwa. Sikuwalaumu. Nami ningejibu hivyo hivyo.

Nikasimama katikati ya njia panda. Nigeuke kushoto nikufukuze kuelekea Bugiri, au kulia nikakukute? Nikikosea, basi. Ndipo nikawaona abiria ng'ambo, na magunia ya mtama na jogoo aliyefungwa miguu, wamekaa juu ya mizigo yao wakitazama upande wa Iganga. Wewe hujawahi kuacha abiria mwenye mzigo. Nikajua hujapita. Nikapanda, nikakata kulia.

Nilikuona kwenye ule mteremko wa kabla ya Iganga, unakuja taratibu. Na kando yako, kwenye kiti cha mbele, alikaa mwanajeshi na bunduki kati ya magoti. Nilikuwa nimepanga kusimama, kupiga kelele, kukushika shati. Sikuweza lolote. Nikapunguza mwendo, nikavua kofia, nikaiweka mbele kwenye kioo.

Uliniona. Najua uliniona, kwa sababu hukucheka kipara. Uliinua kiganja wazi kama kila siku, tukapishana, vumbi lako likaingia kwangu na langu likaingia kwako. Sikugeuka nyuma. Wandera alikuwa amening'inia mlangoni, yeye ndiye aliyekuwa macho yangu. Akasema, amesimama. Baadaye akasema, ameshuka, anafungua boneti. Kisha akasema, amechukua debe, anashuka kwenye mafunjo kuchota maji. Halafu barabara ikapinda.

Hayo ndiyo ninayoyajua.

Nilipofika Jinja niliwakuta wanajeshi nyumbani. Walikuwa wamemwuliza dada yako uko wapi, naye amewajibu kwamba ndugu yake amekwenda kazini kama watu wengine. Wakanichukua mimi. Nililala kwenye sakafu yao siku kadhaa, na huko sikuelezi. Waliniuliza tulisemezana nini njiani. Nikasema hatukusemezana, na kwa Mungu sikusema uongo. Wakaniachia, kazi wakaninyang'anya. Nikauza mkaa. Niliuza mkaa vizuri kuliko wote.

Wanajeshi wale walipoondoka madarakani, nilikwenda kwenu Mumias. Mama yako alikuwa hai bado. Aliniona nikishuka, hakuniangalia mimi, aliangalia nyuma yangu barabarani. Akaniuliza, "Yeye amebaki na mizigo?" Nikaketi chini pale pale kwenye vumbi.

Shemeji, mimi ni mtu wa kujisifu, hilo Zaituni amelisema mpaka amechoka. Lakini kuna jambo moja nisiloweza kujisifia. Nilipata habari baadaye kwamba basi lako lilipata dereva mwingine, likapita Busitema siku ile ile, na kizuizi hakikuwepo. Walikuwa wameshahamia nyumbani kwangu Jinja. Njia ilikuwa wazi. Kwa hiyo ninapojilaza najiuliza, yale mafunjo yalikuwa na nini? Ulivuka upande gani? Ulikutana na nani, debe mkononi, unajua kwamba ni mimi niliyekutuma huko? Mlango ukigongwa hata leo, naogopa vitu viwili. Naogopa kuwa si wewe. Na naogopa kuwa ni wewe, na umekuja kuniuliza.

Wanasema niseme umekufa ili watu wapumzike. Wao ni vijana, wana haki ya kupumzika. Ijumaa wakija nitawapa chai tena, na nitawaambia hivi: mimi sikuona mtu akifa. Niliona mtu akienda kuchota maji. Hitma wasome wakitaka, kwa wafu wote wa ukoo, lakini jina lako halitatoka mdomoni mwangu.

Nakuacha hapo, karatasi imekwisha na kidole kimepata lengelenge. Popote ulipo, uwe na Mungu, na awe anakupenda kuliko tulivyoweza sisi.

Mimi mume wa dada yako,
dereva wa Jinja.

Anayebisha haya amwulize Wandera, yuko hai, anakaa Namatala, jicho moja tu ndilo linaona lakini siku ile yalikuwa mawili. Na yupo dada yako Zaituni, hapa ubavuni mwangu, nimemsomea yote mstari kwa mstari. Anasema ni kweli, isipokuwa kwamba hakuna aliyewahi kumpiga mumewe na mwavuli ila yeye. Mengine, anasema, atakuthibitishia mwenyewe ukija, akishamaliza kukugombeza kwa kuchelewa.