Gurudumu la Watoto pale Likasi

Kananga, sikukuu ya Watakatifu Wote, mwaka wa thelathini tangu niiache Likasi

Yaya Kabeya, kaka yangu mkubwa,

Jana wamenipigia simu kutoka Likasi, kwetu, yaani kwao. Wanataka kuufufua uwanja wa michezo, na hakuna aliye hai anayejua jinsi gurudumu lako la viti vya kupandisha watoto linavyofungwa isipokuwa mimi mdogo wako. Tiketi ya treni watalipa. Wameahidi hata kunipeleka kaburini kwako.

Uliliunda kwa vyuma vilivyotupwa na karakana ya mgodi, miaka ile tulipovaa suti za abakosti na mshahara ulipoambatana na gunia la unga. Kila Jumapili baada ya misa uliwapima watoto kwa macho: mnene huku, mnene mwenzake upande wa pili, uzito ulingane, ndipo ukaachia breki. Mke wa shefu mmoja, mkubwa wa mgodi, alikataa mwanawe asawazishwe na mtoto wa kambi ya wafanyakazi. Ukamjibu, "Mama, hii mashini hayijue shefu, iko najua kilo tu." Alicheka, akampandisha.

Kisha wenyeji wakatuambia sisi watu wa Kasai tuondoke Likasi. Wenzetu walikimbilia stesheni. Wewe ukaenda kufungua uwanja, nami nikakufuata kwa mbali. "Hawa bote nilibapandisha miye mwenyewe," ulisema. "Batanifanya nini?"

Walikuwa wamekua, Yaya. Walikufunga kitini, wakakupandisha juu peke yako.

"Papa, Kasai iko naonekana?" walikuuliza kutoka chini, wakicheka.

Hukuomba wakushushe. Ulipaza sauti ya fundi: "Muweke muntu ngambo ingine! Ngambo ingine!" Walidhani ni woga, wakacheka zaidi. Mmoja akaachia breki. Kiti kilishuka nawe kama ndoo ya mawe ya machimbo ya Kakontwe.

Tulikuzika bila jeneza, treni ya kutuondoa ikipiga honi.

Aliyenipigia simu ndiye huyo wa breki. Nilimtambua kwa kicheko kabla hajataja jina. "Papa, tulikuwa batoto," alisema kwa upole, "ile ilikuwa muchezo." Walikuwa na ndevu, Yaya. Sasa ana wajukuu, na wajukuu wanataka kupanda.

Sitamfundisha. Kaburi lako litazidi kuota majani bila mkono wa ndugu, na hilo ndilo linaloniuma, unisamehe. Nakuahidi sitawafungia bolti hata moja. Lala, Yaya.

Likasi sitarudi.