Kikohozi cha Matairi

Alhamisi, Newala

Na bado anajisifu! Baba Zuhura, mume wangu, hapimi upepo wa matairi. Anayapiga teke. Mguu ukimuuma, basi tairi limeshiba.

Juzi tulipomleta mama yake kutoka Mkunya, pikapu ilirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kwenye kona ikateleza, mama mkwe akaanza kutamka shahada. Niliogopa kweli. Nikamwambia mume wangu upepo umezidi. Akacheka. "Mama Zuhura, gari niachie mimi."

Haya.

Leo asubuhi alipokuwa anakunywa chai, nilitoka na geji ya kupimia upepo niliyoazima kwa fundi. Nikapunguza upepo tairi moja moja, mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kila tairi lilipolia "sss", nilikohoa kwa nguvu. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mboga, hata hakuinua kichwa.

Mume wangu akaja na teke lake. Akapiga, akasikilizia mguu, akatabasamu. "Umeona? Haya ndiyo matairi!"

Tukamrudisha mama kwake. Gari lilitulia, mama akasinzia njia nzima. Aliposhuka akasema, "Leo umeendesha vizuri, mwanangu."

"Siri ni teke, mama," akajibu bila haya.

Nilipompa mama mkono wa kwaheri, akaugeuza, akatazama vidole vyangu vyeusi kwa uchafu wa matairi. Kisha akaninong'oneza:

"Mkwe wangu, hicho kikohozi usikitibu."